Nanga, Kindi na Bundi Nyuma ya Saa

Haya, watoto wa Makongeni, Kaloleni, Jericho na Mbotela, sogeeni karibu. Leo tunafungua saa. Saa yenyewe nimeibuni, na watu wa hadithi hii nimewabuni pia. Mihuri, nambari na miaka, hiyo ni ya kweli, na siku mkiikuta saa ya dhahabu chini ya sanduku la nyanya yenu itawafaa.

Basi palikuwa na mzee mmoja pale Makongeni, mtaa wa watu wa reli. Akamwita mjukuu wake, msichana wa gredi ya saba, akamfungulia kitambaa. Ndani mlikuwa na saa ya mkono, ya kutia ufunguo, rangi ya manjano iliyofifia.

"Hii ilikuwa ya babangu," akasema. "Wengine wananiambia ni dhahabu, wengine wananiambia ni shaba iliyopakwa. Ipeleke kwa fundi. Lakini usimwachie, sawa? Mkae pamoja hadi amalize."

"Sawa, Guka."

Yule msichana ni mjanja. Kabla hajatoka alichomoa sumaku ya spika ya redio mbovu, akaigusisha kwenye saa. Haikunasa. Akaruka kwa furaha: ni dhahabu!

Alipomsimulia fundi, kwenye kibanda chake kando ya Jogoo Road, fundi huyo alitikisa kichwa. "Shaba inanaswa na sumaku?"

"Hapana."

"Aluminiamu je?"

"Hapana pia."

"Basi sumaku imekuambia nini? Ingenasa, ungejua tu kwamba mna chuma mahali fulani. Kutonasa hakukupi jibu. Halafu msichana wangu, ndani ya saa hii mna kamani nyembamba kama unywele, iliyojiviringa. Ikipata sumaku mizunguko yake hushikana, na saa huanza kukimbia. Usirudie."

Kisha akaweka lenzi jichoni na kusema maneno ninayotaka myashike: saa nzima haiulizwi swali moja. Kasha huulizwa peke yake, mashine peke yake, uso peke yake, maandishi peke yake. Ni mashahidi. Wasipokubaliana, mmoja anadanganya au ameletwa kutoka kesi nyingine.

Alianza na pembe za kasha, pale mkanda unaposhika. Hapo ndipo saa husuguliwa miaka nenda miaka rudi. Dhahabu ya kuchovya huisha hapo kwanza, na rangi nyingine ikachungulia. Tabaka la mikroni 20, ambalo mtalikuta limeandikwa kwenye saa nyingi za zamani, ni sehemu moja tu ya hamsini ya milimita. Saa ya Guka ilikuwa na mikwaruzo, ila ndani ya mikwaruzo rangi ilikuwa ile ile. Vizuri, lakini bado.

Akafungua kifuniko cha nyuma kwa kisu butu. Hapa, watoto, ndipo panaponoga.

Kwa ndani palikuwa na mihuri midogo iliyogongwa, midogo kuliko punje ya mtama: herufi A.L.D., nambari 9 na .375, nanga, na herufi L.

Tuanze na 9. Dhahabu tupu huhesabiwa kuwa karati 24. Ya karati 9 ina mafungu 9 ya dhahabu katika 24. Gawanya, utapata 0.375. Yaliyobaki ni madini mengine kama shaba na fedha, maana dhahabu tupu ni laini mno kwa kasha la saa. Karati 14 huandikwa 585, karati 18 huandikwa 750. Ukikuta namba ya karati haiendani na ile ya desimali, funga kifuniko uende zako. Na ukikuta kasha limeandikwa kwamba limehakikishwa kuvaliwa miaka 10 au 20, ujue ni tabaka la dhahabu juu ya madini mengine. Dhahabu ya kweli haipewi dhamana ya miaka. Itachakaa kuwa nini?

Nanga ni muhuri wa mji wa Birmingham, Uingereza. Ajabu ni kwamba Birmingham iko mbali na bahari. Mwaka 1773 Birmingham na Sheffield ziliruhusiwa kuwa na ofisi zao za kupima madini, na inasemekana wajumbe walikutana kwenye baa moja ya London iliyoitwa Taji na Nanga, wakarusha sarafu: Sheffield ikapata taji, Birmingham nanga. London yenyewe hutumia kichwa cha chui, na Edinburgh ngome. Saa za Uswisi zina mihuri yake: kwa zaidi ya miaka mia moja karati 18 ilikuwa na kichwa cha mwanamke, Helvetia, na karati 14 ilikuwa na kindi. Mwaka 1995 wakawaondoa wote wawili wakaweka kichwa cha mbwa, yule mkubwa wa kuokoa watu kwenye theluji. Kwa hiyo ukiuziwa saa ya "mwaka 1960" yenye mbwa huyo, cheka kimoyomoyo. Ufaransa wana kichwa cha tai kwa dhahabu yao ya karati 18, na bundi kwa iliyotoka nje. Mimi nampenda bundi, ingawa najua nyumbani kwenu hatakiwi.

Herufi L ndiyo mwaka. Birmingham walianza mzunguko mpya mwaka 1950 kwa A, wakaruka I, kila mwaka na herufi yake. Hesabuni kwa vidole. L inaangukia 1960.

Na A.L.D.? Huyo ni Aaron Lufkin Dennison, Mmarekani aliyehamia Birmingham akaanzisha kiwanda cha makasha. Kilifungwa 1967. Mashine zilitoka Uswisi, makasha yakatengenezwa Uingereza, mambo ya ushuru. Kwa hiyo mashine ya Uswisi ndani ya kasha la Kiingereza si kosa. Mtu asiyejua angeiita saa ya kuungaunga na kuinunua kwa bei ya chai na mandazi.

Mashine nayo iliandikwa Omega, jina la kampuni ya Uswisi, na nambari iliyoanzia milioni 17. Omega walihesabu mashine zao mfululizo, na milioni 17 ni ya miaka ya 1959 na 1960. Nambari na herufi L zikakutana. Fundi hakusema neno, aliinua kidole gumba tu.

Wengi wenu nyumbani mna Seiko 5, iliyoanza kuuzwa 1963. Hiyo soma nambari ya nyuma: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, na Novemba na Desemba huandikwa N na D. Lakini 7 inaweza kuwa 1967 au 1977, hapo itabidi uulize mashine ni ya aina gani.

Sasa maandishi. Nyuma ya kasha, kwa nje, palichongwa jina la baba yake Guka na chini yake: E.A.R. & H. 1962. Yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Shirika hilo lilizaliwa 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, na herufi H ikaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, ndipo likaja shirika la reli la Kenya peke yake. Mtu akikuletea saa iliyochongwa "Kenya Railways 1958", mchongaji alichonga jana. Hii yetu ilipita: kasha la 1960, zawadi ya 1962. Saa hukaa dukani, hilo ni la kawaida.

Shahidi mmoja tu alisitasita. Uso wa saa ulikuwa mweupe mno kwa umri wake, na herufi za jina zilikaa upande kidogo. "Umepakwa upya," fundi akasema. "Haifanyi saa kuwa bandia, lakini mnunuzi akijua atapunguza bei." Alipoulizwa kama wakwangue rangi ile waone ya zamani, alikataa katakata. Nyuso nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani, na vumbi lake si la kuvutwa puani.

Hakutia tindikali pia. Hiyo ni kazi ya sonara, ambaye husugua dhahabu kidogo kwenye jiwe jeusi kisha akatia tone, na mihuri ikiwa safi haina haja. Wala hakuing'arisha, maana kila ukisugua mihuri hufutika.

"Nambari ya mashine ina tarakimu ngapi?" akamuuliza msichana.

"Nane."

"Ziandike zote kwenye daftari, na daftari lisikae pamoja na saa. Ikiibwa, polisi hawatakuuliza kama ni ya dhahabu. Watakuuliza utaijuaje."