Uchovu wa Dereva wa Masafa Marefu: Hali ya Kazi na Kuridhika Kazini

Mtu asimamaye katika njia panda ya Usagara, nje kidogo ya jiji la Mwanza, huona malori ya kila namna yakipita usiku na mchana. Mengine hubeba marobota ya pamba, mengine mchele, mengine dagaa waliokaushwa, mengine minofu ya sangara ndani ya makontena ya ubaridi. Yapo yaelekeayo Shinyanga, Singida, Dodoma na hatimaye Dar es Salaam. Yapo yashikayo njia ya Kigongo, yakavuka ghuba na kwenda Geita, Bukoba na nchi jirani. Yanaporudi huleta saruji, mbolea, mafuta, dawa na vitabu. Yumkini hata kitabu anachokitumia mwanafunzi asomaye makala haya kilifika shuleni kwake kwa njia hiyo. Lakini ni mara chache tunapojiuliza habari za mtu aliyeshika usukani.

Tunamkumbuka inapotokea ajali, na neno la kwanza kusikika huwa ni "uzembe". Wakati mwingine neno hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa mtu wa sayansi neno "uzembe" si jibu, bali ni mwanzo wa swali. Kwa nini mtu mzima, mwenye ujuzi wa miaka mingi, mwenye mke na watoto, aijuaye hatari kuliko sisi sote, aendelee kuendesha hali macho yanafumba? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu limo zaidi katika mpango wa kazi kuliko katika tabia ya mtu, na kwamba mpango wa kazi ni jambo liwezalo kupimwa, kuhesabiwa na kurekebishwa. Tutamzungumzia dereva aliyeajiriwa na kampuni, ambaye lori si lake wala mzigo si wake.

Maana ya kuridhika kazini

Watu wengi hudhani kwamba kuridhika na kutoridhika ni ncha mbili za fimbo moja: ukiiacha hii umeifikia ile. Mwaka 1959 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba waeleze nyakati walizofurahia sana kazi yao na nyakati walizoichukia. Ilionekana kwamba mambo yaliyotajwa katika furaha hayakuwa yale yale yaliyotajwa katika chuki. Furaha ilitokana zaidi na kazi yenyewe: kuifanikisha, kutambuliwa, kupewa dhamana. Chuki ilitokana zaidi na mazingira ya kazi: usimamizi mbaya, kanuni za ofisi, ujira, na hali ya mahali pa kazi.

Uchunguzi huo ulipingwa na wataalamu wengine, waliosema kwamba ni desturi ya binadamu kujisifu mambo yanapokwenda vizuri na kuwalaumu wengine yanapoharibika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fundisho moja limebaki: mtu aweza kuipenda kazi yake na kuchukizwa na hali zake kwa wakati mmoja. Dereva wa masafa marefu ni mfano mzuri. Ana ujuzi ambao si kila mtu anao. Hakuna msimamizi anayemsimamia kichwani. Anaaminiwa mali ya thamani kubwa, naye huona kwa macho yake matokeo ya kazi yake mzigo unapofika salama. Papo hapo hulala ndani ya kibanda cha lori, hula pale apatapo, hukaa mbali na nyumba yake kwa majuma, na hungoja. Anayemwuliza "Je, unaridhika na kazi yako?" huuliza maswali mawili katika neno moja.

Mwaka 1979 mtaalamu mwingine, Robert Karasek, alitumia takwimu za Marekani na Sweden kuonyesha jambo la ziada. Kazi ngumu peke yake si lazima imdhoofishe mtu. Kinachomdhoofisha zaidi ni kazi yenye madai makubwa pamoja na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuitenda. Tumpime dereva kwa kipimo hicho. Barabarani yeye ndiye aamuaye mwendo wake na gia yake. Lakini hapangi siku ya kupakia, hajui atangoja langoni kwa ghala kwa saa ngapi, wala hana kauli juu ya tarehe ya kufika. Uhuru wake ni mkubwa katika mambo madogo na mdogo katika mambo makubwa.

Mwili una sheria zake

Usingizi si suala la ushujaa. Ndani ya mwili imo mitambo ya wakati iongozayo kulala na kuamka, na kwa watu walio wengi nguvu ya usingizi huwa kubwa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na kwa kiasi kidogo tena alasiri. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walieleza katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na utendaji sawa na mtu mwenye miligramu 50 za alkoholi katika kila mililita 100 za damu yake. Dereva huyo hakuonja pombe, wala kipimo cha askari hakitamnasa. Lakini ubongo wake haupambanui sababu.

Sasa tutumie hesabu ya darasani. Gari liendalo kwa kilometa 80 kwa saa, ambao ndio upeo wa mwendo wa malori makubwa nchini Tanzania, hupita mita 22 na zaidi katika kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3 tu, lori limekwenda mita 66 bila mtu wa kuliongoza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu lori na tela lake kufikia uzito wa tani 56. Kwa kuwa nishati mwendo hulingana na uzito pale mwendo unapokuwa sawa, lori hilo lina nishati mara 40 ya gari dogo la tani 1.4 liendalo kwa mwendo huohuo. Nishati hiyo yote lazima imalizwe na breki, au na kitu kingine kitakachokuwa mbele.

Madhara mengine huja polepole. Mtikisiko wa lori hupanda kwa njia ya kiti hadi uti wa mgongo, na kiwiliwili cha binadamu huitikia zaidi mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida katika magari makubwa. Kuketi nako kuna gharama yake. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waliona kwamba madereva, waliokuwa wakiketi siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi. Watu hao walikuwa wa mji mmoja na basi moja. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ni namna ya kazi.

Sheria ya nchi yasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata pakiwa na kazi ya ziada, jumla ya siku isizidi saa 12. Mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kwa kawaida apate saa 12 za kupumzika. Kila wiki apate saa 24. Na kila mwaka apate likizo ya siku 28. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 153 wa mwaka 1979 unaohusu usafiri wa barabarani, liliweka mpaka wa saa 4 za kuendesha bila kupumzika na saa 9 za kuendesha kwa siku.

Kwa hiyo kanuni zipo. Hata hivyo, mwezi Aprili 2015, na tena mwezi Mei mwaka huohuo, madereva wa mabasi na malori waligoma katika miji mbalimbali ya Tanzania. Walipinga agizo la kurudi mafunzoni kila leseni inapohuishwa, na pia walidai mikataba ya ajira. Yaani miaka 11 baada ya sheria kutungwa, watu walisimamisha magari ili kudai karatasi ambayo sheria ilikwisha kuiagiza. Hapa twaona kwamba sheria peke yake haitoshi iwapo hesabu ya malipo inamvuta mtu upande mwingine.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye vipimo vinavyokaribiana na hali halisi. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilometa 1,150. Lori lililojaa, likikutana na vijiji, matuta, mizani na mlima wa Sekenke, tuseme lina wastani wa kilometa 45 kwa saa. Safari hiyo itahitaji karibu saa 26 za kushika usukani. Kwa saa 9 kila siku, ni siku 3. Tuseme pia kwamba dereva hungoja siku 2 kupakia au kupakua katika kila mwisho wa safari. Safari ya kwenda na kurudi itachukua siku 10. Tukiondoa likizo, mapumziko ya kila wiki na sikukuu, mwaka una siku za kazi zipatazo 280. Dereva huyo atafanya safari 28.

Sasa tuseme kampuni humlipa kwa idadi ya safari, na humpa posho ya safari kwa mkupuo mmoja. Mara dereva atagundua kwamba akiendesha saa 13 kwa siku atafika kwa siku 2 badala ya 3. Mzunguko utakuwa siku 8, na kwa mwaka atafanya safari 35. Tena kila usiku asiolala katika nyumba ya wageni, posho yake hubaki mfukoni. Mapato yake yatapanda kwa robo nzima, na faida yote hiyo imekatwa katika usingizi wake. Mtu huyu si mzembe. Amepiga hesabu sahihi juu ya mpango uliowekwa na wengine.

Lakini iko njia nyingine. Tuseme dereva anabaki na siku zake 3 halali barabarani, na ofisi inapunguza kungoja kutoka siku 2 hadi nusu siku katika kila mwisho, kwa kupanga miadi ya kupakia na kutayarisha hati mapema. Mzunguko utakuwa siku 7, na kwa mwaka zitafanyika safari 40. Matokeo haya yanashinda yale ya kukesha, wala hakuna aliyenyimwa usingizi. Muda wa kuokoa, kwa hiyo, haumo kitandani mwa dereva. Umo langoni mwa ghala.

Watu wa kandokando ya Ziwa wamekwisha kuuona ukweli huu kwa macho. Kwa miaka mingi malori yaliyokwenda Sengerema na Geita yalilazimika kupanga foleni Kigongo kungoja kivuko cha Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na njia iliyohitaji subira ikawa ya dakika chache. Hakuna dereva aliyehitaji kuhubiriwa uvumilivu wala bidii. Kilichobadilika ni mpango wa njia, na siku yake ya kazi ikabadilika nayo.

Yapasayo kufanywa

Kutokana na hayo, hatua za kuboresha kazi hii si za siri. Mshahara wa mwezi uwe ndio msingi, na posho ilipwe kwa usiku alioutumia dereva njiani, si kwa safari. Mkataba uandikwe. Safari za haraka, kama zile za samaki wa barafu, zipewe madereva wawili. Maegesho yenye usalama, maji ya kuoga na chakula yapatikane kwa umbali unaolingana na saa za kuendesha. Vyombo vya setilaiti ambavyo kampuni hutumia kufuatilia malori vitumike pia kuthibitisha kwamba dereva amepumzika, badala ya kutumika kumharakisha tu. Na dereva aulizwe ratiba kabla haijapangwa, kwa kuwa yeye ndiye aijuaye barabara.

Walimu waweza kulifanya somo hili liwe la vitendo. Wanafunzi wa shule zilizo karibu na barabara kuu wahesabu malori yapitayo kwa saa moja. Waikokotoe tena hesabu ya safari kwa kubadili wastani wa mwendo au siku za kungoja, waone ni kipi kinacholeta tofauti kubwa. Wale wenye baba, kaka au mjomba aliye dereva wamwombe kwa heshima awaeleze mambo mawili: lipi linampendeza katika kazi yake, na lipi linamchosha. Wayaandike majibu hayo katika safu mbili, kisha wachunguze kama Herzberg alisema kweli.

Siku moja baadhi ya wanafunzi hao watakuwa madereva, na wengine watakuwa mameneja wanaopanga ratiba za malori. Wote watatumia barabara moja, pamoja na sisi tulio ndani ya mabasi na watoto wanaoivuka kwenda shule. Lori la tani 56 litakapowakaribia, usalama wao utategemea kama mtu aliyeshika usukani alilala usiku uliopita, na hilo kwa kiasi kikubwa huamuliwa ofisini kabla lori halijatoka Mwanza.