Unachapa Kazi Kejani Kitale ama Bungoma? Soma Hii Kabla ya Kufile

Tuseme unaishi Section Six, Kitale. Lapi iko mezani, Wi-Fi unalipa kila mwezi, na doo zinatoka kwa wateja tofauti. Beshte yako yuko Kanduyi, Bungoma. Yeye pia anachapa kazi kejani, lakini ameandikwa na kampuni ya Nairobi. Mbele ya KRA nyinyi wawili hamfanani hata kidogo.

Wa Bungoma, pole. Ukikatwa PAYE, huwezi kutoa Wi-Fi, stima wala kiti kwa ushuru wako. Una relief ya 2,400 kila mwezi, pensheni hadi 30,000, SHA na Housing Levy. Afadhali uombe bosi kampuni inunue lapi na ilipie Wi-Fi.

Wewe wa Kitale ndio uko na kitu. Pesa uliyotumia kutafuta hizo doo inatolewa kwanza, ndio ushuru uhesabiwe. Chukua mfano: umeunda 400,000 kwa mwaka. Wi-Fi ya kazi ni 2,500 kwa mwezi, hiyo ni 30,000. Lapi ya 60,000 haitolewi yote mara moja, ni asilimia 25 kwa mwaka, yaani 15,000. Unabaki na 355,000. Ushuru wako unashuka kutoka 28,600 hadi 16,750. Hiyo ni 11,850 imebaki mfukoni, buda.

Lakini usijifanye mjanja uweke rent yote. Si unalala hapo? Na kama Wi-Fi inatumika pia kwa movie za usiku, weka ile sehemu ya kazi tu.

Penye wengi huchomeka ni risiti. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS haihesabiwi. Kwa hivyo muuzaji akikwambia, "Bila risiti nakupunguzia elfu mbili," piga hesabu: kwa mfano wetu, hiyo lapi inakuokolea 3,750 mwaka wa kwanza pekee, na miaka mingine bado inakuja. Mpe PIN yako kabla hajaitoa, na uiweke miaka 5.

Deadline ni Juni 30. Ukichelewa, faini ni 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile kubwa. iTax ikikushinda, Huduma Centre iko Kitale na Bungoma. Enda Mei, Juni laini huwa noma.