Je, Wajua? Shujaa aliyegeuzwa kitenzi cha uonevu

Kiingereza kina kitenzi “hector”, chenye maana ya kumwandama mtu kwa maneno makali mpaka anywee: kumfokea, kumkoromea, kumwamrisha kwa vitisho. Hapigwi mtu, silaha ni mdomo. Bosi anayemkaripia karani mbele ya wenzake hadi akubali asilolitaka anafanya hivyo hasa.

Neno limetoka kwa Hector, mwana wa mfalme wa Troy katika Iliad, utenzi wa Homer. Nami namhurumia, maana humo si mwonevu wa nyumbani wala wa mtaani. Akimuaga mkewe Andromache kabla ya kurudi vitani, mwanawe mchanga anaiogopa kofia yake ya shaba yenye shungi, analia. Hector anacheka, anaivua, anaiweka chini, ndipo anambusu mtoto.

Jina lilichafukia London katika karne ya 17. Vijana wakorofi walioitwa Hectors walizurura usiku wakivunja madirisha na kuwatisha wapita njia. Kitenzi kikachukua tabia yao, kikamwacha baba yule na kofia yake chini.