Paka wa Stoo Anapokaribia Kuzaa

Vikundi vingi hapa Thika na Ruiru huweka mahindi na chakula cha kuku katika stoo moja. Panya wakiingia, wanatoboa magunia na kukojolea kile wasichokula. Ukiweka sumu, hiyo hiyo yaweza kuua kuku, na ni hatari kwa watoto. Paka ni askari wa bei nafuu. Lakini siku yake ya kuzaa tunasema, "Aah, paka hujizalia!" Mara nyingi ni kweli. Siku isipokuwa kweli, tunapoteza mama na watoto kwa sababu hatukujua dalili.

Kabla ya siku yenyewe

Mimba ya paka huchukua kama wiki 9. Ukimwona na dume, andika tarehe mlangoni mwa stoo. Wiki ya mwisho chuchu huvimba, naye hutafuta mahali pa giza, kama katikati ya magunia. Mtengenezee katoni yenye matambara safi, mahali pakavu, mbali na mbwa.

Uchungu ukianza

Paka hukataa chakula, huzunguka-zunguka, hulia, huhema na kujilamba nyuma mara kwa mara. Hali hii yaweza kuchukua saa 12, hata 24 kama ni uzazi wa kwanza. Usimshike-shike, na watoto wasijazane kumtazama.

Halafu tumbo hukaza na anaanza kusukuma. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hutoka ndani ya nusu saa, na wengine hufuata mmoja mmoja. Akitangulia kutoka miguu ya nyuma, usishtuke, hutokea sana. Mama hupasua utando, humlamba mtoto, hukata kitovu kwa meno na hata kula kondo la nyuma. Mwache. Asipopasua utando, upasue wewe upesi kwa vidole safi, kisha umsugue mtoto kwa kitambaa kikavu mpaka apumue vizuri.

Tafuta daktari wa mifugo mara moja ikiwa:

1. Anasukuma kwa nguvu kupita nusu saa na hakuna mtoto.
2. Mtoto ametokeza nusu na amekwama.
3. Saa 2 zimepita tangu mtoto wa mwisho, na bado kuna mwingine tumboni.
4. Anatoa damu nyingi, au uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza.

Usimvute mtoto kwa nguvu. Na tafadhali, usimpe mama Panadol ati kupunguza uchungu! Kidonge kimoja tu chaweza kumwua paka.

Daktari hatafutwi usiku wa manane. Muulizeni mapema yule wa karibu kama anatibu paka, maana wengine wamezoea ng'ombe tu. Shida ikiwa kubwa, kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Andikeni nambari za simu ukutani, karibu na ile tarehe.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Nani atamwangalia paka wetu wiki ya mwisho?
2. Pesa za daktari zikihitajika usiku, zitatoka wapi?
3. Watoto wakifika miezi miwili, ni stoo gani za majirani zinazohitaji paka?