Nyumba ya kupangisha ukiwa mbali: Handeni si Korogwe

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wenye vipato vya kati wamekuwa wakitafuta nyumba za kupangisha mikoani baada ya bei za viwanja vya jijini kuwashinda. Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ni miji inayovutia watu wa aina hiyo. Yote miwili imefikiwa na lami, viwanja vyake ni nafuu kuliko vya jijini, na anayetoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri hufika siku hiyo hiyo.

Fedha zinazoingia katika nyumba hizo mara nyingi ni kiinua mgongo au akiba ya miaka mingi, ambayo haipatikani mara mbili. Kwa sababu hiyo, anayeanza asikimbilie unafuu wa bei. Kwanza ajue nani atapanga, atakaa muda gani, na nani ataiangalia nyumba mwenyewe akiwa mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

MPANGAJI NI NANI?

Kati ya Handeni na Korogwe kuna kilometa 65 tu, lakini masoko yake ya nyumba hayafanani. Korogwe ipo kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Mji huo una chuo cha ualimu, shule za sekondari, hospitali ya Magunga na mashamba ya mkonge pembeni yake. Mpangaji wa Manundu anaweza kuwa mwalimu, muuguzi, fundi wa magari au mfanyabiashara wa stendi. Mmoja akihama, wa kazi nyingine huweza kuchukua chumba.

Handeni ipo ndani zaidi, kilometa 54 kutoka Mkata, ambako barabara yake inaachana na ile kuu. Uchumi wake unategemea mahindi, mifugo, ofisi za Serikali na, kwa vipindi, dhahabu. Mavuno yakiwa mabaya, biashara ya Chanika hupungua, na kodi ya pango huanza kucheleweshwa.

Hatari kubwa kwa anayeanza ni kupanga hesabu kwa kodi ya msimu wa neema. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika wilaya zote mbili. Ujenzi wa namna hiyo huleta mafundi na madereva wanaolipa vizuri, lakini kazi ikiisha huondoka, na nyumba hubaki.

Hata mtumishi wa Serikali si mpangaji wa milele. Mwaka 2019 Serikali iliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yake ya utawala zihamie kwa wananchi inaowahudumia. Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Mnunuzi anayeambiwa kwamba "wapangaji ni watumishi" aulize ni watumishi wa ofisi ipi, na ofisi hiyo ipo wapi.

MAJI NA HATI

Handeni imekuwa na shida ya maji kwa miaka mingi, na sehemu ya maji yake husukumwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, ikiwamo Handeni na Korogwe, ilitiwa saini Juni 2022. Hata hivyo, mnunuzi asinunue kwa ahadi ya mradi. Afungue bomba la nyumba hiyo hiyo mwezi wa kiangazi, awaulize majirani maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na aweke gharama ya tangi au kisima katika bei.

Kuhusu hati, kiwanja kilichopimwa chenye hati miliki kifanyiwe upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya fedha kutoka. Barua ya mauziano yenye mhuri wa mtaa haitoshi kuwa kinga. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzake kwa maandishi.

Wanaotafuta fremu za maduka kando ya barabara kuu, kuanzia Mkata na Segera hadi Korogwe, wakumbuke Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu iliyo karibu mno na lami hupata wateja, lakini inaweza pia kupata alama ya X.

HESABU YA MWAKA

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba sita iliyonunuliwa kwa Sh. 25,000,000, kila chumba kikipangishwa kwa Sh. 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 2,160,000, sawa na asilimia 8.6 ya mtaji. Hii ndiyo hesabu ya dalali.

Hesabu ya mwenye nyumba ni nyingine. Vyumba viwili vikikaa wazi miezi miwili, Sh. 120,000 zimekwenda. Msimamizi akilipwa asilimia 10 ya kinachokusanywa ni Sh. 204,000. Matengenezo yachukue Sh. 180,000, na safari nne kutoka Dar es Salaam, pamoja na malazi, Sh. 320,000. Kodi ya majengo, ambayo tangu Julai 2023 ni Sh. 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni Sh. 18,000. Kinachobaki ni Sh. 1,318,000, yaani asilimia 5.3, kabla ya kodi ya mapato. Kwa kulinganisha, mwaka 2022 hati fungani ya Serikali ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56, na haihitaji fundi wa bati.

Nyumba inaweza kupanda thamani, na hilo ni faida yake. Lakini anayenunua akitegemea thamani ipande awe na kipato kingine cha kuishi.

MSIMAMIZI

Wengi humkabidhi ndugu funguo bila makubaliano. Nyumba ikiharibika, undugu nao huharibika. Awe ndugu au jirani, msimamizi apewe asilimia iliyoandikwa na kiwango cha matengenezo anachoweza kuamua peke yake. Kodi ilipwe na mpangaji moja kwa moja kwenye simu au benki ya mwenye nyumba, na msimamizi alipwe kutoka huko.

Kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayeitoa kwanza kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkataba useme atarudishiwa vipi.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mnunuzi alale mjini humo siku tatu, moja ikiwa ya gulio, na ahesabu vyumba vyenye kufuli mtaani. Kisha afungue daftari la nyumba hiyo siku ya kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na ya mbali huisha upesi zaidi.