Mikate Midogo ya Viazi

Mkulima wa Kinangop akichimba viazi, vikubwa huingia guniani vikauzwe, na vidogo hubaki nyumbani. Mara nyingi vidogo hivyo huoza pembeni, huku mama akitoa fedha dukani kununua mkate. Hiyo ni hasara mara mbili.

Chukua viazi robo kilo. Kilichogeuka rangi ya kijani kitupe, maana kina sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Osha, menya, chemsha, kisha uponde mpaka pasiwe na mabonge. Maji uliyochemshia usiyamwage.

Pima unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kidogo 1 na nusu, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko kidogo 1 na siagi vijiko vikubwa 3. Changanya na viazi vilivyopoa, ukitia yale maji kidogo kidogo yakiwa vuguvugu. Yakiwa moto sana yataua hamira. Kanda dakika 10, funika, uache mpaka unga uumuke uwe mara mbili.

Fanya madonge 16, uyapange katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta, uache nusu saa yaumuke tena. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 hivi, tazama kama imeiva.

Wanga wa viazi hushika maji, ndiyo sababu mikate hii hubaki laini hata kesho yake. Basi, ndugu mkulima, kabla ya kutupa viazi vidogo, mwulize mama: hamira ipo?