Kutenga Vinavyofanana: Uainishaji wa Buibui Warukaji wa Nchi za Joto na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Neno buibui katika Kiswahili lina maana mbili zinazojulikana na kila mwenyeji wa pwani. Maana ya kwanza ni kiumbe mdogo mwenye miguu minane. Maana ya pili ni vazi jeusi la stara wanalojitanda wanawake. Kwa sura na kwa matamshi, hakuna chochote kinachoyatenga maneno haya mawili. Hata hivyo, msemaji akitamka kwamba buibui huyu amekufa, na mwingine akasema kwamba buibui hili limechanika, hakuna msikilizaji anayebabaika. Kinachotenga hakimo katika sura ya neno bali katika upatanisho wa kisarufi, yaani pale neno linapoungana na mengine ili kuzaa sentensi.

Tatizo la namna hii ndilo linalomkabili mtaalamu wa buibui anapotakiwa kuwatenga viumbe wawili wanaofanana. Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa kwa kuwachunguza buibui warukaji wa nchi za joto, na kubainisha kile ambacho Kiswahili kinahitaji ili kiweze kuisimulia sayansi hiyo bila kuipotosha.

2. Buibui mrukaji ni kiumbe gani?

Katika fikra za wasemaji wengi, buibui hatengani na tandabui. Buibui mrukaji anaivunja dhana hiyo, kwani yeye hategi utando ili kunasa mawindo. Huwinda kwa macho, hunyemelea, kisha huruka na kumkamata mdudu. Ana uzi pia, lakini kwa kawaida huutumia kama kamba ya usalama anaporuka na kwa kujengea kificho cha kulala na kutagia mayai.

Kitambulisho chake kikubwa ni macho. Ana macho manane, na mawili ya mbele katikati ni makubwa mno kuliko mengine. Nyuma ya kila moja kati ya hayo mawili mna mfereji mrefu wenye retina inayosogea, hata buibui anaweza kuchunguza kitu bila kugeuza kichwa. Kuruka kwake nako ni kwa aina yake: miguu hunyooshwa kwa shinikizo la majimaji ya mwili, si kwa misuli minene ya mapaja kama ile ya panzi.

Kundi hili huitwa familia ya Salticidae, jina lililotolewa na Mwingereza John Blackwall mwaka 1841. Ndiyo familia kubwa kupita zote za buibui. Ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kupewa majina, na zilizo nyingi huishi katika nchi za joto. Kwa wingi huo, kutofautisha si jambo jepesi.

3. Alama zinazodanganya

Alama ya kwanza inayomvutia mtazamaji ni rangi. Katika kuta za nyumba za Afrika Mashariki, kama ilivyo katika sehemu nyingi za joto duniani, huonekana mara kwa mara Menemerus bivittatus na Plexippus paykulli. Wa kwanza ni wa kijivu na ubapa. Wa pili ni mnene zaidi, na dume lake ni jeusi lenye mstari mweupe unaopita katikati ya mgongo. Hapa rangi inasaidia. Lakini jike la Plexippus paykulli ni la hudhurungi, halina weusi wala weupe mkali wa dume lake. Asiyejua anaweza kuwahesabu dume na jike kuwa spishi mbili. Kosa la namna hii limefanywa mara nyingi katika historia ya taaluma hii: dume likapewa jina moja, jike likapewa jingine, na wachanga, ambao bado hawajapata alama za utu uzima, wakaongeza mkanganyiko.

Upande wa pili, wako wanaofanana ilhali ni mbalimbali. Plexippus paykulli ana ndugu aitwaye Plexippus petersi, ambaye pia ameenea katika nchi za joto za Afrika na Asia. Kwa macho matupu ni rahisi kuwachanganya.

Udanganyifu mkubwa zaidi umo katika jenasi Myrmarachne, ambayo wanachama wake huiga sisimizi. Kiwiliwili chao ni chembamba chenye kiuno, na miguu ya mbele huinuliwa na kutikiswa kama vipapasio, hata miguu minane ikadhaniwa ni sita. Myrmarachne melanotarsa, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 2002 kutoka eneo la Ziwa Viktoria nchini Kenya, huiga sisimizi wa jenasi Crematogaster na hata huishi kwa makundi, jambo ambalo ni nadra kwa buibui.

Wanafunzi wa isimu watautambua mgogoro huu. Kiswahili kimevaa msamiati mwingi wenye asili ya Kiarabu, na kwa sababu hiyo walikuwako walioshawishika kukiondoa katika Kibantu. Hoja hiyo ilianguka mbele ya ushahidi wa ngeli za nomino na maumbo ya kitenzi. Mwenye kuviiga vya jirani hageuki kuwa wa ukoo wa jirani. Buibui anayefanana na sisimizi ni buibui, na nasaba yake haisomwi katika vazi lake.

4. Kiungo kinachotenga

Ikiwa rangi na umbo vyaweza kudanganya, mtaalamu hutegemea nini? Kwa sehemu kubwa hutegemea viungo vya uzazi. Mbele ya miguu ya buibui mna viungo viwili vifupi viitwavyo palpi. Dume lililopevuka hufuma utando mdogo, hudondosha mbegu juu yake, kisha huzifyonza kwa ncha za palpi zake na kuzihifadhi humo hadi atakapompata jike. Kila ncha ina kifuko na kijiti chembamba cha kupitishia mbegu. Jike naye, chini ya tumbo, ana bamba gumu lenye matundu ya kupokelea mbegu hizo. Urefu wa kijiti, mpindo wake, mwiba ulio ubavuni mwa palpi, na njia za ndani ya bamba la jike hutofautiana kwa uthabiti baina ya spishi na spishi.

Wataalamu wa zamani walivifananisha viungo hivi na kufuli na ufunguo. Mfano huo hauelezi yote, kwani uteuzi unaofanywa na jike nao huchangia kuvibadili viungo vya dume. Jambo lisilobishaniwa ni manufaa yake kwa utambuzi. Mtaalamu wa Poland, Jerzy Prószyński, alisisitiza kwa miongo mingi kwamba maelezo ya spishi yaambatane na michoro ya viungo hivyo. Kwa sababu hii buibui mchanga mara nyingi hawezi kutambuliwa hadi kiwango cha spishi: kiungo kinachotenga bado hakijakamilika. Siku hizi uchunguzi wa DNA husaidia kumuunganisha mchanga na mzazi wake, au jike na dume lake.

Kigezo hiki kina hoja iliyo karibu na ile ya mwanaisimu wa lahaja. Asemaye mato na kitwa pale mwingine asemapo macho na kichwa hatambuliwi kwa neno moja la bahati, bali kwa ulinganifu unaojirudia katika mfumo. Alama yenye thamani ni ile iliyofungamana na mfumo, wala si ile inayong'aa.

5. Kutoka spishi hadi ukoo

Kutenga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuunganisha. Mfaransa Eugène Simon, katika juzuu alizochapisha kati ya mwaka 1901 na 1903, aliwagawa buibui warukaji katika makundi matatu kwa kuyatazama meno ya ukingo wa nyuma wa mataya: wenye jino moja, wenye jino lililopasuka, na wenye meno mengi. Mpango huo ulikuwa na faida, kwani ulimwezesha mtafiti kupanga vielelezo vyake kwa haraka. Lakini meno hubadilika kwa kufuata njia zaidi ya moja, na makundi ya Simon hayakulingana na nasaba. Mwaka 2015, Wayne Maddison alichapisha uainishaji uliojengwa juu ya DNA pamoja na maumbile, wenye familia ndogo saba. Spishi zilizo nyingi mno zimo katika moja tu kati ya hizo, nayo ni Salticinae.

Isimu ya Kibantu ilipita njia kama hiyo. Malcolm Guthrie alikiweka Kiswahili katika zoni G na Kimijikenda pamoja na Kipokomo katika zoni E. Zoni zake zilikuwa na manufaa ya marejeleo, na hadi leo hutumiwa hivyo. Lakini Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walionyesha kwamba lugha hizo, pamoja na Kikomoro na Kielwana, ni za ukoo mmoja wa Sabaki. Basi kuna uainishaji wa kupangia kabati na kuna uainishaji wa kueleza nasaba. Hatari huanza pale wa kwanza unapochukuliwa kuwa ndio wa pili.

6. Buibui wa Ziwa Viktoria

Umuhimu wa utambuzi sahihi huonekana wazi katika spishi Evarcha culicivora, iliyoelezwa mwaka 2003 na kufanyiwa utafiti mwingi huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Buibui huyu huishi kwenye mashina ya miti na kuta za nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba huwapendelea mbu majike walioshiba damu, na hivyo huipata damu ya wanyama kwa njia ya mbu. Aidha, huwateua mbu wa jenasi Anopheles, wale waenezao malaria, na miongoni mwa dalili anazozitumia ni mkao wao wa kuinua tumbo wanapotua.

Warukaji wengine wengi hula mbu wakiwapata, lakini kula kwa nasibu si kuteua. Mtafiti akimkusanya jirani yake ukutani na kumpa jina hili, matokeo yote ya majaribio yatakuwa ya kiumbe mwingine. Vilevile, kufanana kwa chakula si udugu: Paracyrba wanlessi wa Malaysia, aishiye ndani ya mianzi yenye maji, naye ni mteuzi wa mbu, lakini ni wa familia ndogo nyingine kabisa.

7. Madai kwa istilahi

Kiswahili kinazo tayari istilahi za ngazi: ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Ngeli ni mfano mzuri wa neno lililotumikia sarufi likapanuliwa hadi biolojia bila kupoteza maana ya kundi lenye kanuni. Kisawe nalo laweza kutumika, kwa tahadhari. Visawe vya lugha huishi pamoja. Visawe vya spishi hushindana, na kwa kawaida jina kongwe ndilo hubaki. Kwa buibui, ukongwe huo huhesabiwa tangu kitabu cha Msweden Carl Clerck cha mwaka 1757.

Penye upungufu ni katika majina ya spishi zenyewe. Jina la Kilatini culicivora lina maana ya mla mbu, na Kiswahili kingeweza kulifasiri hivyo bila taabu. Lakini "buibui mla mbu" lingewafaa pia majirani zake wote wa ukutani. Jina la kumwita mnyonya damu, lililoenea katika lugha za kigeni, ni baya zaidi: hamng'ati mtu ili apate damu, na jina hilo likifika vijijini laweza kumfanya auawe bure. Jina kama "buibui mteua-mbu" lingehifadhi tofauti ambayo sayansi imeigundua kwa jasho, mradi liambatane na jina la Kilatini katika maandishi ya kitaalamu.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuwatenga buibui warukaji ni kutafuta alama iliyofungamana na mfumo, na kuiacha ile inayovutia jicho. Mtunga istilahi ana wajibu huohuo. Istilahi nzuri haipimwi kwa utamu wake masikioni tu, bali pia kwa uwezo wake wa kutenga kile ambacho taaluma imekitenga. Lugha yenye jina moja kwa wawindaji wote wa ukutani itaweza kuwataja. Haitaweza kufundisha ni yupi kati yao anayemfuata mbu wa malaria. Kazi hiyo inawahitaji wanabiolojia na wanaisimu wakae meza moja, vielelezo vikiwa mbele yao na kamusi ikiwa wazi.